Ukitaka kufanya kazi ya amani mtaani kwako, anza na kigoda

Mimi ni fundi cherehani, Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri. Kibandani kwangu mna mashine mbili, pasi ya makaa ya siku stima inapopotea, na vigoda vinne ambavyo si vya wateja. Hivyo vigoda ndivyo ofisi ya amani ya mtaa wetu. Nimekuwa nikijitolea kwenye kamati ya amani tangu 2013, na kila uchaguzi ukikaribia huja vijana kuniuliza: fundi, na mimi naweza kuingia? Kuna posho? Naanzia wapi? Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027 na safari hii maswali yameanza mapema, kwa hivyo nayajibu yote hapa kwa mkupuo mmoja, nirudi kwenye kanzu zangu.

Kwanza ujue kilichoniingiza. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 nilikuwa na miaka 12. Watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari sita, wakabeba bunduki, kisha wakaingia mitaani kuwasaka watu wa bara. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa seremala kutoka Nyanza. Kitanda nilichokuwa nikilalia alikiunda yeye. Kulipokucha nilimwona akielekea kanisa la Katoliki, walikokimbilia maelfu ya watu, godoro kichwani na randa mkononi. Kati ya vyote vya nyumbani, alichukua randa. Hatukumwona tena. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika wiki zile, na wengine kwa maelfu walihama wasirudi.

Baba yangu alikuwa ameyasikia maneno ya uvamizi ule siku kadhaa kabla, kwenye kahawa. Hakujua ampelekee nani. Polisi hakuwaamini, chifu alimwogopa, na jirani aliona akimwambia atamtia hofu ya bure. Akanyamaza, na aliishi na ule unyamavu mpaka alipofariki. Kazi ninayokueleza hapa, mwanzo hadi mwisho, ni ya kumpa mtu kama baba mlango wa kubisha.

Kuingia

Usingoje tangazo. Nenda kwa mzee wa mtaa au naibu wa chifu, uliza kamati ya amani ya lokesheni ni akina nani na hukutana lini. Huenda ukajibiwa kuwa kamati ipo ila imelala. Kamati nyingi huamka posho zinapoamka. Hilo lisikuvunje moyo: anzia kwenye chama cha kina mama, stejini pa bodaboda, msikitini au kanisani, popote ambapo watu tayari wanakujua kwa jambo jingine. Mimi walinijua kwa suruali kabla hawajanijua kwa amani, na nakuapia suruali zimenisaidia kuliko cheti chochote cha semina.

Hizi kamati zenyewe hazikubuniwa Nairobi. Mfano mkubwa ulitoka Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana huko. Kina mama, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na soko: walikubaliana kuwa mwanamke yeyote wa ukoo wowote auze na anunue kwa yeyote bila kubaguliwa, na wakaweka wa kuangalia. Soko lilipotulia ndipo wakawafuata wazee, kisha vijana, kisha serikali. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Mimi naipenda habari ile kwa sababu walianza mahali ambapo kila mtu alilazimika kupita kila siku. Kwetu mahali hapo ni bomba la maji na maskani za vijana. Kwenu pajue wewe.

Miezi mitatu ya kwanza, kwenye vikao kaa kimya. Panga viti, andika daftari, peleka salamu. Anayekuja siku ya kwanza na hotuba huwa hafiki ya nne.

Na siasa? Kura yako ni yako. Ila ukishavaa fulana ya mgombea au kubandika picha yake, kigoda chako kimekuwa cha upande mmoja, na kila utakalosema litapimwa kwa rangi ya ile fulana. Mwenzetu mmoja alikuja akatuaga wazi, akaenda kumpigia debe shemejiye, uchaguzi ulipopita akarudi. Huyo namheshimu. Wanaotutia hasara ni wale wanaopiga debe kwa siri huku wameshika daftari la kamati.

Ramani, na kosa langu

Kazi ya kwanza ya maana ni kuujua mtaa wako kwa namna ambayo hukuwahi kuujua. Mimi nilichukua karatasi ya kaki ninayokatia patani, nikaitandaza mezani, nikachora kwa chaki ya fundi: maskani ziko wapi na hujaa saa ngapi, maji hugombaniwa wapi, njia gani haina taa, nani akisema vijana wa maskani fulani humsikiliza. Hilo la mwisho ndilo zito. Mara nyingi si imamu wala mchungaji. Kwa maskani moja hapa kwetu ni muuza viazi karai. Kwa nyingine ni kinyozi. Weka mistari: nani anaongea na nani, na wapi mstari umekatika. Pale ulipokatika ndipo pa kuanzia kunywa kahawa.

Sasa kosa. Mwaka 2017 niliandika na majina. Vijana tisa, kila mmoja na maskani yake, kwa nia njema kabisa, nisije nikasahau. Kwenye kikao kimoja mtu aliipiga picha ile karatasi kwa simu. Haikupita wiki mbili, mtaani ikavuma kuwa fundi amepeleka orodha kwa polisi. Hakuna aliyekamatwa, lakini Mombasa tumeona vijana wakichukuliwa na wasirudi, kwa hivyo jina lako kuwa kwenye karatasi ya mtu mwingine si mchezo. Vigoda vyangu vilikaa vitupu miezi saba. Siku moja mmoja wao alileta suruali ya mamake kupunguzwa urefu, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Fundi," akasema, "jina langu umeliandika kwa chaki au kwa kalamu?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile niliikunja karatasi, nikaenda nayo maskani, nikawaeleza nilichofanya na kwa nini, nikawapa. Waliisoma yote, wakacheka jinsi nilivyokosea jina la mmoja, kisha wakaichana vipande vipande wakafungia muguka. Tangu hapo ramani yangu haina jina hata moja. Na wewe usiandike. Andika mahali na saa. Majina yakae kichwani, na kichwa chako kikisahau, basi na yasahaulike.

Kutokana na hilo nina sharti ambalo humwambia kila kijana wa maskani siku ya kwanza kabisa, mbele ya wenzake: "Nikisikia roho ya mtu iko hatarini, nitapiga simu, na nitapiga haraka. Mengine yote nitakuja kwenu kwanza." Waambie kabla, wasije kuligundua baadaye. Na ukipiga hiyo simu, taja mahali, saa na hatari yenyewe. Usibahatishe mhusika. Anayeonya kwamba panga zitatoka kesho Ijumaa jioni karibu na bomba la maji anaokoa watu wa pande zote mbili. Anayepeleka majina ya "wabaya" ni mpelelezi, na mtaa utamweka kundi hilo hata akivaa fulana yenye picha ya njiwa.

Siku mambo yanapochemka

Nikueleze kisa kimoja taratibu, maana humo mna karibu kila ninachokijua.

Jioni moja muuza viazi karai alinipitia akitoka kazini. Hakuketi. "Fundi, wale watoto wa juu leo hawajanunua viazi." Basi. Ungekuwa mgeni ungedhani analalamikia biashara. Lakini vijana kumi ambao kila magharibi hula viazi kwa ukwaju, siku moja wote hawana njaa: kuna jambo. Ndiyo maana nasema aina ya taarifa unayoitaka haiko kwenye semina, iko kwa watu wanaouza vitu vidogo kila siku mahali pamoja.

Sikwenda peke yangu. Usiende peke yako kamwe, hasa jua likishazama. Mwenzangu wa zamu ni mama muuza mahamri, ameshapita miaka 60, na hakuna kijana mtaani ambaye hajala mahamri yake kwa deni. Tulikuta wamekaa duara, hawaongei. Kwetu mama kama yule akifika kijana husimama ampishe. Wote walisimama isipokuwa mmoja, aliyekuwa amekalia begi. Mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimkemee kwa adabu mbovu. Mama akaniwahi. "Kaa tu mwanangu, kaa, usinisimamie, nami nakaa." Akaketi pembeni yake kabisa, bega kwa bega. Nilichelewa kuelewa. Kilichokuwa ndani ya begi kingegonga chini kama angesimama, na wote wangelazimika kufanya kama hawajasikia.

Hatukuuliza begi lina nini, wala hatukutaja amani. Tuliuliza kumetokea nini, kisha tukanyamaza mpaka waseme. Mmoja wao, dereva wa tuktuk, alikuwa amenyang'anywa simu usiku wa kuamkia siku ile, na waliamini ni watu wa maskani ya chini. Nikamuuliza: katika simu hiyo, kinachokuuma ni nini? Swali hili liweke mfukoni, utalitumia maisha yako yote. Nilidhani atataja bei. Akasema ni wazazi. Anapeleka watoto 14 shule kila asubuhi, na wazazi humpigia kwa namba ile. Kesho saa kumi na mbili watapiga, hatapatikana, watatafuta dereva mwingine.

Kumbe nusu ya vita ilikuwa laini. Tukakubaliana kuwa asubuhi, duka likifunguliwa tu, mmoja wetu atafuatana naye kurudisha namba, na usiku uleule nikampa simu yangu ya akiba apige kwa wazazi watatu anaowakumbuka, wawapashe wenzao. Mambo ya kulipiza tukaomba yangoje siku nne. Siku nne, hatukusema yaachwe. Mtu mwenye hasira hakunyimi siku nne ukimwomba vizuri, lakini ukimwambia asamehe atakuona umetumwa. Wakati wa kuondoka yule kijana alimpa mama begi amwekee hadi kesho. Mama akalichukua, akasema lina uzito wa vitabu.

Maskani ya chini tulikwenda siku ya pili, kwa zamu yao, nao wakasikilizwa vilevile. Hatukuwakutanisha. Wengi wanaoanza hukimbilia kuwakutanisha watu siku ya kwanza, tena ofisini kwa chifu, na mtu akiwa mbele ya wenzake na mbele ya serikali hawezi kurudi nyuma hata hatua moja. Wewe pita katikati. Na unapopita, usibebe matusi. Akikwambia "mwambie yule mbwa arudishe simu", wewe unafikisha kwamba mwenye simu anaihitaji kwa kazi. Huo si uongo, ni kazi ya mshenga, na wazee wetu waliijua siku nyingi.

Siku ya tatu simu ilikutwa kwenye sinia la mahamri, imefungwa kwa karatasi ya mkate, kioo kimepasuka. Mama hakumwuliza mtu. Kioo kilitengenezwa kwa shilingi 1,800, zikalipwa kidogo kidogo kupitia kwangu, mia mia, na nani alikuwa akileta hilo mimi na daftari langu tunalijua kwa alama ya tiki tu. Wiki mbili baadaye ndipo wakakaa pamoja, na hapo hapakuwa na la kusema zaidi ya kupanga nani achote maji saa ngapi.

Uvumi

Mwaka 2022 sisi wa Mombasa tulisubiri kuliko wengine. Siku moja tu kabla ya kura ya Agosti 9 tuliambiwa uchaguzi wa gavana umeahirishwa, kwetu na Kakamega, kwa kuwa karatasi za kura zilichanganywa. Matokeo ya urais yakatoka Agosti 15, sisi gavana tukampigia kura Agosti 29, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa urais Septemba 5. Karibu mwezi mzima wa watu kukodolea simu. Siku ya kura yenyewe huwa shwari, kila mtu yuko foleni. Zigo liko kwenye kusubiri, na huko ndiko uweke watu wako wa zamu.

Usiku mmoja ikaja sauti iliyorekodiwa: feri imefungwa, watu wa bara wanateremshwa kwenye matatu. Nilimpigia muuza madafu aliye kwenye mteremko wa feri, kisha dereva wa tuktuk anayepaki upande ule. Sikuuliza "ni kweli?" maana swali hilo hujibiwa kwa nilivyosikia. Niliuliza: uko wapi sasa hivi, na unaona nini mbele yako? Wote wawili waliona watu wakivuka kama kawaida na mmoja analalamika hana wateja. Nikarekodi sauti yangu: "Ni mimi fundi, saa moja na dakika ishirini usiku, nimeongea na watu wawili walio pale feri, watu wanavuka." Sekunde kumi na tano, basi. Usiandike makala. Usiitume ile sauti ya uongo hata kwa nia ya kuikanusha, kwa sababu kuna mtu ataisikiliza hiyo na ya kwako asiifungue. Tumia sauti yako badala ya maandishi, watu wanaijua.

Kama habari ni ya kweli, usiikanushe. Sema iliyo kweli na sema njia ipi ni salama. Ukidanganya mara moja kwa ajili ya amani umekwisha. Na kama wewe ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp, kumbuka kuwa kuchochea chuki ya kikabila ni kosa kwa Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008: faini hadi shilingi milioni moja, kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Hilo huwanyamazisha wengine haraka kuliko dua.

Usisuluhishe kila kitu

Mtu akibakwa, au mtoto akinajisiwa, kamati haina kazi hapo. Hakuna mbuzi, hakuna faini, hakuna kikao cha wazee, hata familia zote mbili zikikuomba, na watakuomba. Mpeleke hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wake, na ukifika mapema ni bora zaidi. Asioge. Nguo zitiwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Sisi wa Likoni tunavuka kwenda Makadara, hospitali kuu ya Pwani, ambako kuna kituo cha kuwahudumia waathiriwa. Namba ya bure ni 1195, ya watoto ni 116. Nimewahi kuitwa msaliti wa mtaa kwa jambo hili, na mwenye kuniita alinishonea, samahani, nilimshonea suti ya harusi. Haikubadilisha kitu.

Mawe yakianza kuruka, ondoka. Kazi yako ilikuwa jana, na itakuwa kesho asubuhi. Anayejiweka katikati ya panga huongeza majeruhi mmoja.

Pesa

Hazipo. Kuna mwaka lilikuja shirika na kofia nyeupe, spika na matembezi ya amani hadi feri, miezi miwili kabla ya kura, likapiga picha na kuondoka. Kofia bado ziko, wavuvi wanazipenda. Sisi tuna chama chetu: shilingi 100 kila wiki, za kredi na kahawa, daftari hubaki mezani wazi. Ukipewa nauli na mtu yeyote, iandike humo siku hiyohiyo. Na bonanza za mpira wa amani, mimi nimeacha. Tulipanga moja, refa akatoa penalti, tukakaa usiku kucha kusuluhisha mashabiki.

Ukitaka kuja kutuona, shuka feri uulize fundi wa vigoda, Alhamisi baada ya alasiri. Usije wiki ya kuelekea Idi. Vigoda vyote huwa vimepandwa na kanzu, na hata mama wa mahamri nimemfundisha kushona vifungo.